Mabega ya Wilhelmina

Wilhelmina Machibya alikuwa amepika katika shule moja ya bweni kule Nyegezi kwa miaka kumi na sita, na miaka tisa kati ya hiyo mabega yalimuuma. Yalianza kidogo kidogo, maumivu yakapanda shingoni, yakahamia kwenye taya. Asubuhi nyingine aliamka meno yanamuuma kama mtu aliyetafuna mawe. Wenzake jikoni walisema ni mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa watoto mia nne. Naye aliamini hivyo, hadi likizo ya Desemba ilipopita hajashika mwiko hata siku moja na mabega yakauma vilevile.

Alipimwa. Eksirei haikuonyesha kitu, damu ilikuwa safi. Akapewa vidonge, vikaisha, akapewa vingine. Bibi mmoja wa Buzuruga alimchua kwa mafuta yaliyonuka wiki nzima. Daktari mmoja alimwambia, bila kuinua macho, "Mama, wewe huumwi. Una mawazo tu."

Siku ile Winnie, binti yake, alipomuuliza wamesemaje, alijibu, "Wamesema mimi mwongo." Tangu hapo akaacha kumwambia mtu yeyote. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, chakula kikakosa ladha, na sufuria ikianguka jikoni alishtuka.

Winnie hakukata tamaa. Alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali moja, dada mmoja kijana wa Mara aliyeitwa Rozina Agutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Rozina alimgusa mabega. "Yashushe, mama."

"Nimeyashusha."

"Bado yako juu. Unakaa kama mtu anayesubiri kupigwa."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini Wilhelmina aligeuza uso. Rozina akaacha kumbonyeza, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Samahani kwa swali langu. Ulipokuwa mdogo, nyumbani kwenu kulikuwaje?"

Waliomtibu wote walikuwa wamemuuliza anakula nini, anabeba nini, analalaje. Hili hakuna aliyewahi kuliuliza.

Alieleza huku ameangalia sakafu. Kwao Kisesa, baba yake alirudi jioni kutoka mnadani kwa baiskeli, na siku nyingi alikuwa amelewa. Wilhelmina, akiwa na miaka minane, aliweza kujua kwa namna kengele ilivyolia kama siku hiyo watapigwa. Akitambua hivyo, alimbeba mdogo wake Luhende wakajibana nyuma ya kihenge cha kuhifadhia mtama. Alimziba mtoto masikio kwa viganja vyake. Yeye akasikia yote. Siku nyingine walionekana, na aliyeanza kupigwa alikuwa yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mama yao alirudi kwa wazazi wake, hakuja tena.

"Lakini hayo ya zamani," alimalizia. "Baba mwenyewe ana miaka kumi na moja kaburini."

"Mtoto akiishi na hofu miaka mingi, mwili unazoea kukaa tayari," Rozina alisema. "Misuli inakaza, usingizi unakuwa mwepesi, maumivu kidogo yanasikika makubwa. Haimpati kila mtu, ila inawapata wengi. Hujatunga, mama. Unaumwa kweli."

Wilhelmina alilia, si sana, akajifuta kwa kanga.

Alipewa mazoezi ya kunyoosha shingo na ya kuvuta pumzi taratibu, na kila Alhamisi akawa anazungumza na mshauri wa hospitali hiyohiyo. Mwanzoni aliona ni kupoteza muda. Wiki ya tano alilala usiku kucha, akaamka amechanganyikiwa kwa kukuta kumekucha.

Jumamosi moja alimfuata Luhende, aliyefanya kazi ya kukatisha tiketi kwenye stendi ya mabasi Nyegezi. Mdogo wake huyo alikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi, na watu walimjua kwa hasira za ghafla. Wakanunua chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, wakakaa pembeni. Hawakuwa wamewahi kuzungumza habari za baba, hata siku ya kumzika.

"Unakumbuka kihenge?" Wilhelmina aliuliza.

Luhende alizungusha kikombe mezani. "Nilidhani wewe umesahau, dada. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Na mimi nilidhani ulikuwa mdogo sana."

"Sikuwa mdogo kiasi hicho." Akasukuma kikombe pembeni. "Wiki iliyopita nilimnyanyulia mwanangu mkono. Akainua bega lake kujikinga. Nikaondoka, nikaenda kutapika."

Wilhelmina hakumhubiria. Alimweleza tu alikokwenda na alichoambiwa. Luhende alisikiliza, akasema atafikiria, akarudi kazini.

Miezi ilipita. Mabega ya Wilhelmina hayakupona kabisa; siku za mitihani, jikoni kukiwa na haraka, yalikaza, naye aliweka mwiko chini akatoka nje kuvuta pumzi. Vidonge alikuwa ameviacha.

Mwezi wa nane Luhende alimpigia simu mwenyewe, akasema yuko tayari kumwona mshauri. Walikaa pamoja kwenye benchi la hospitali, na jina la Luhende lilipoitwa hakuinuka.

"Ingia na mimi, dada," alisema.

Wakaingia wote wawili.