Kuku Aliyemtazama Ba'mdogo Sing

Saa moja na nusu asubuhi hakuna kiti kitupu katika mgahawa wa Bwana Mok, mtaa wa Sham Shui Po, Hong Kong, na mhudumu Lau Pui-kuen anawabananisha wateja kama anayepanga dagaa kwenye sinia. "Sogea, baba, huyu naye ana njaa," anamwambia mzee mmoja, na tayari amekwishamketisha mgeni ubavuni mwake. Hapa meza haina mwenyewe. Unakula ukitazamana na mtu usiyemjua, ukimaliza unaondoka.

"Mrembo!" anaita dereva wa lori kutoka meza ya nne. "Chai yangu ya maziwa vipi, majani bado yanachumwa?"

"Kama una haraka, mkeo ana jiko," anajibu Kuen bila kugeuka.

Meza nzima inacheka, dereva akiwemo. Chai inafika kabla kicheko hakijaisha.

Wateja humwita Dada Kuen. Ana miaka hamsini na saba, kumi na tisa kati yake ameimaliza akipishana na sahani katika mgahawa huu, saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki. Mshahara wake ni dola 15,000 za huku, na karibu nusu inamezwa na kodi ya chumba anachokaa na mama yake. Ulimi wake mkali ni sehemu ya mlo. Wapo wanaoacha migahawa ya jirani ili waje kukaripiwa naye wakila makaroni ya supu na mkate wa siagi.

Ila Jumanne hufyata ulimi.

Kila Jumanne, mnamo saa nne, huingia mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Hukaa meza ya sita, husuuza kikombe na vijiti vyake kwa chai ya moto, kisha huagiza uji wa mchele wenye vipande vya samaki. Kuen akimmiminia chai, mzee hugonga meza kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo asante ya watu wa huku mdomo ukiwa na kazi nyingine.

"Kila akigonga vile," anasema Kuen, "natamani sakafu ipasuke nizame."

Mzee huyo ni Tsang Fuk-sing. Kwa miaka ishirini na mbili aliosha vyombo katika jiko la mgahawa huu huu, na wote walimwita Ba'mdogo Sing. Aliondoka miaka mitatu iliyopita, siku ya pili ya Mwaka Mpya wa Kichina. Kila mtu aliamini kwamba alifukuzwa. Mwandishi wa makala haya, ambaye amekula hapa kwa miaka minane, aliamini hivyo hivyo na hakujisumbua kuuliza. Kuen peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna aliyemfukuza.

Siku hiyo ya pili, kabla ya kufungua milango, tajiri na wafanyakazi wake hula pamoja. Mezani lazima awepo kuku mzima, aliyechemshwa, akakatwa na kupangwa tena na kichwa chake. Tangu zamani, tajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi hakumtamkia neno. Alikigeuza tu kichwa cha kuku kimtazame. Aliyetazamwa alikula, akashukuru, kesho yake haonekani. Siku hizi wengi hukiacha kichwa jikoni, au hukielekeza kwenye kiti cha tajiri mwenyewe, ili watu wale kwa amani.

Mwaka ule mwandaaji wa meza alikuwa Kuen.

"Kila mwaka nilikielekeza kwa tajiri. Kila mwaka!" anasema. "Siku ile nilikuwa nabishana na mpishi kuhusu samaki. Nimekuja na sahani ya samaki, haina pa kukaa. Nikaisukuma ya kuku kwa kiwiko, ikazunguka. Basi. Kiwiko tu."

Bwana Mok alikuwa nje akipokea simu. Aliporudi alikaa na kuanza kula bila hata kutazama sahani, kwa kuwa miwani aliisahau nyumbani. Wengine wote waliona. Mdomo wa kuku ulikuwa umemlenga Ba'mdogo Sing. Wiki iliyotangulia tajiri alikuwa amesema biashara ni mbaya na mtu mmoja itabidi apunguzwe.

Kuen naye aliona. Aliliona kosa lake na akauona uso wa mzee.

"Ningenyoosha mkono tu," anasema, na hapo anaonyesha kwa kidole, akizungusha sahani isiyokuwepo. "Nikawaza, mtu mmoja anaondoka. Akiondoka yeye, siondoki mimi. Niliwaza hivyo hasa, sikudanganyi. Nikachukua kipande cha samaki nikala."

Ba'mdogo Sing alikula paja, akafuta mdomo, akawatakia wote mwaka wenye heri. Asubuhi yake walikuta aproni yake imefuliwa na kukunjwa, funguo juu yake.

Bwana Mok alidhani mzee amechoka, akashukuru kuepushwa na kazi chungu. Miezi michache baadaye, akiwa amekunywa bia mbili, alimwambia Kuen huku akicheka, "Wewe una bahati. Jina nililokuwa nalo kichwani lilikuwa lako."

Kuen alicheka pia.

Alipofika nyumbani alimpigia mzee simu akikusudia kusema ukweli. Alichosema ni "Hujambo? Umekula?" Na kwa simu hiyo akazidi kujifunga, maana Ba'mdogo Sing alipofiwa na mkewe mwaka jana na kuanza kuja kula hapa, aliwatangazia wenzake wa meza ya sita habari hiyo kwa sauti. "Mnamwona huyu mwenye mdomo mchafu? Watu wote jikoni walininyamazia. Huyu peke yake ndiye aliyenipigia simu."

"Ba'mdogo, kula uji wako, unapoa," Kuen alimjibu, akakimbilia chooni.

Tangu hapo humwongezea samaki kwenye bakuli. Humtafutia kiti kilicho mbali na upepo wa kiyoyozi. Mzee huona wema. Kuen anajua ni woga, na anakereka zaidi na yeye mwenyewe kwa kila kipande anachoongeza.

Jumanne iliyopita alishindwa kuendelea. Alimfuata mzee na buli jipya, akalishika kwa mikono miwili na kusimama wima ubavuni pake. Huku mkosaji humiminia chai aliyemkosea, na aliyekosewa akiinywa, yamekwisha.

"Vipi tena?" aliuliza Ba'mdogo Sing. "Umenipunguzia samaki?"

"Yule kuku ni mimi, Ba'mdogo. Tajiri hakujua. Niliisukuma sahani kwa kiwiko, nikaona imekuelekea, nikanyamaza. Nilihofia kazi yangu."

Mzee aliweka kijiko chini. Kisha akakifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Mimi unaweza kunimiminia chai," alisema taratibu. "Lin je? Mke wangu amekufa akiamini kwamba nilifukuzwa kwa kuwa mikono yangu haiwezi hata sahani. Mara ngapi ameniambia, 'Usijali, umezeeka tu.' Nikakubali, Kuen. Nikakubali kwamba nimezeeka."

Alilipa, akatoka na kofia mkononi. Kwenye kaunta Bwana Mok, aliyesikia yote, alizima redio. Dereva wa lori alitazama bakuli lake. Kuen alibaki na buli mikononi, machozi yakimtiririka mbele ya wateja anaowakaripia kila siku.

Jumanne hii kiti cha meza ya sita kimekaa mtu mwingine. Kuen amemhudumia bila neno la ukali, na mteja mwenyewe ameuliza kama anaumwa.

Ijumaa ni siku ambayo watu wa huku hufagia makaburi na kuwaandalia wafu wao chakula. Majivu ya Lin yamehifadhiwa katika ukumbi wa mlimani, safu ya tisa. Mzee mwenyewe alikuwa akiitaja safu hiyo kwenye uji wake. Kuen ameomba ruhusa ya siku nzima, kisha akamtumia Ba'mdogo Sing ujumbe akiuliza kama anaweza kwenda kumwambia Lin ukweli kwa mdomo wake. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, maneno machache tu: "Saa nne. Usichelewe."

"Hajasema amenisamehe," anasema Kuen. "Sijamwomba aseme."

Kuku amekwisha kumwagiza, mzima, wa kuchemsha. Anafuta meza ya sita, anaweka sahani tupu katikati, na kuizungusha polepole mpaka anaporidhika.

"Nitamweka mbele ya Lin," anasema. "Kichwa kitanitazama mimi."