Hatujisifu kwa Kesho

Habari ilinifikia Migori kwa mdomo wa dereva wa lori la samaki: yule mpiga nyatiti wa Homa Bay amefariki. Nilikuwa mbele ya mashine yangu ya kusaga unga, hiyo niliyoinunua kwa jasho langu, mimi niliyeishia darasa la tatu. Nikaizima. Wateja wakalalamika, "Omera, ndugu yetu, na unga wetu je?" Nikawaambia wangoje. Wanaonijua wanajua sizimi mashine kwa jambo dogo.

Kwa msomaji wa mbali, nyatiti ni kinubi chetu cha nyuzi nane. Mpigaji huvaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kuigonga kwenye mti wa kinubi kuleta mapigo. Na kwetu mtu akitaka kujisifu hutoa sarafu, muziki unasimama, naye anajitangaza: yeye ni nani, wa mama gani, ametenda nini. Kwa kazi hiyo mimi sina mpinzani toka Ndhiwa hadi Isebania, na sioni haya kusema. Lakini marehemu alikuwa na sheria yake. Kwake ulijisifu kwa ulichokwisha kutenda. Ukitaja utakachotenda, anakutoza mara ya pili, na nyuzi hazilii mpaka ulipe.

Uchaguzi uliopita ulipokaribia, watu wa serikali walifanya mikutano walipotaka, wapinzani wakanyimwa kibali. Sisi tukahamia kwenye nyatiti, maana kujisifu hakuhitaji kibali. Jumapili moja baada ya ibada tulijaa nyuma ya soko la Homa Bay. Juma lile karani mmoja alikuwa amenidokezea kwamba leseni ya mashine yangu inangoja kuona nitasimama wapi. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa nimeazimia kunyamaza. Mimi, kunyamaza! Mara akaingia mgombea wa serikali, suti nyeusi katika jua lile, akatupa noti.

"Simamisha! Mimi ndiye nitakayewaletea lami! Mimi ndiye nitakayewajengea hospitali..."

Marehemu hakuinua hata macho. "Lipa tena, jaduong'." Alimwita mzee, kwa heshima zote.

"Nimetoa noti nzima!"

"Noti ni ya kujisifu, na hizo ni ahadi. Hapa hatujisifu kwa kesho. Umefanya nini?"

Akatoa nyingine, akakohoa, akaanza tena, "Nita..." Mama mmoja muuza omena, dagaa wetu wa ziwani, akapaza sauti: "Mwacheni jamani, atabaki na soksi!" Watu wakavunjika mbavu. Hapo marehemu akanigeukia. "Na wewe wa Migori, leo umemeza ulimi?"

Nikatoa sarafu, nikasimama. "Mimi ni mwana wa mjane aliyeuza omena kwa kopo! Nimebeba magunia ya watu kwa mgongo huu mpaka nikanunua mashine inayosaga magunia yao! Nimetishwa kwa leseni yangu, na leo nimekataa, mchana, mbele ya suti! Ichukueni! Mgongo bado ninao!" Vigelegele vile sijavisikia tena.

Leseni waliichukua kweli. Mashine ililala msimu mzima wa mavuno nami nikarudi kwenye magunia, mpaka wake za wakubwa wenyewe walipochoka kupeleka mahindi mbali, leseni ikarudishwa. Marehemu alinyang'anywa nyatiti, eti anaendesha mkutano bila kibali, wala hakurudishiwa. Ila waliisahau pete. Siku ya soko iliyofuata alikaa juu ya kreti ya soda, akaigonga kwenye ubao, akaita, "Nani anajisifu?" Watu wakapanga foleni. Siku ya kura, mwenye suti hakungoja hesabu iishe.

Magazeti ya Nairobi yakaandika kwamba watu wa huku hupiga kura kama kundi la mbuzi, mmoja akienda wote wanafuata. Mimi nauliza: mbuzi gani anayesimamisha muziki na kuuliza umefanya nini? Ndiyo, tulimwaga kura upande mmoja, na sitaomba radhi. Katika mji mdogo tunajua nani alibeba gunia na nani alibebwa. Baadhi ya tuliowachagua wametuvunja moyo, hilo nalikubali. Nao watalipa tena.

Nilikwenda kumzika. Mwenye suti naye alikuja, maana kura zinanukia upya. Akapewa nafasi ya kusema neno. "Ndugu zangu, mimi nitamjengea mjane huyu nyumba ya mabati..." Mjane alikuwa ameketi karibu na jeneza, ile pete mkononi. Hakuinua macho. Akaigonga mara moja kwenye mguu wa kiti.

"Lipa tena," akasema.

Kicheko kilianza kwa wazee, kikapita kwa akina mama wenye machozi mashavuni, kikafika mpaka kwa wachimba kaburi. Mwenye suti akakaa chini. Basi ninyi mnaozitaka kura zetu, nyatiti mliichukua na mpigaji tumemzika, lakini sheria yake inajulikana na kila muuza omena. Mkija, njooni na mlichokwisha kutenda. Kama hamna, kaeni.