Koti Jeupe la Siku ya Ukaguzi

Pale kiwandani walimwita Bwana Swichi, na jina lilimkaa barabara. Kazi yake ilikuwa kuwasha mtambo wa kusafisha maji wakaguzi wanapokuja, na kuuzima wakishageuza gari. Siku nne kwa mwaka. Siku nyingine zote alifuta vumbi, akapaka grisi, akakaza nati ambazo hazijalegea, ili mtu akichungulia amkute anahangaika.

Kiwanda kilikuwa cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, na maji yake yalikwenda mtoni na madini ya risasi ndani, sumu inayoharibu ubongo, hasa wa watoto. Usidhani yalikuwa meusi au yananuka. Ungeyakinga kwenye glasi ungeyasifu. Mtambo ungewashwa kila siku yangetoka salama, ila mtambo unakula umeme, na meneja alikwishapiga hesabu.

"Umeme wa mwezi mmoja unalipa faini za mwaka mzima," alimwambia siku ya kwanza, bila hata kuona haya. "Faini yenyewe serikali iliipanga zamani, ikasahau kuipandisha. Sasa hapo mwenye makosa ni mimi?"

Bwana Swichi akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka mbele ya bosi. Kazi alikuwa ameitafuta miaka miwili.

Sasa sikiliza jambo lililomkosesha raha miaka tisa. Mama yake aliishi chini kidogo ya kiwanda, na kisima chake kilikuwa hatua ishirini kutoka mtoni. Bomba la maji safi lilipofika barabara ya juu, majirani walianza kunong'ona juu ya maji ya kisima. Mama akawacheka. Atembee na ndoo kichwani mpaka juu kule, wakati mwanawe ndiye anayesafisha maji? Koti jeupe alilovaa mwanawe siku ya ukaguzi alilipiga pasi yeye mwenyewe, kola mara mbili, na aliyepita mlangoni alionyeshwa.

Naye mwana alinyamaza. Alijidanganya kwamba mchanga unachuja, kwamba risasi kidogo haimfanyi mzee kitu. Lakini kila Jumamosi alipokwenda kumjulia hali, akiwekewa chai alisema, "Nimeshakunywa, mama." Kumbe mwoga wa watu! Mdomo wake mwenyewe aliujua kuulinda.

Safari hii mkaguzi alikuwa mama mmoja mgeni, mpole, mwenye kikohozi. Alijaza chupa zake kwenye bomba la kutolea maji, akauangalia mtambo unavyonguruma, kisha akapitisha kidole kwenye kola ya lile koti.

"Nani anakupigia pasi vizuri hivi?"

"Mama yangu. Anakaa hapo chini, karibu na mto."

"Anateka wapi maji?"

"Kisimani kwake."

Mkaguzi alikohoa, akafunga kizibo cha chupa ya mwisho. "Mimi napima maji ya leo tu, tena baada ya kuwaandikia barua wiki mbili kabla. Hata nikiwakuta na makosa, watalipa faini kabla sijafika ofisini. Lakini mama yangu angekuwa hapo chini, leo asingelala na hayo maji ndani."

Gari lilipoondoka meneja alimpungia mkono kutoka dirishani: zima. Akazima. Kisha akashuka kwa mama yake na koti mwilini, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Mama alifurahi, akamsogezea kiti, akamimina chai. Bwana Swichi alikitazama kikombe.

"Mama, hayo maji usinywe tena. Sisafishi kitu. Mtambo unawashwa siku za wageni tu. Miaka yote."

Mama aliweka birika chini, akakaa. Mwana alitamani amtukane.

"Kumbe ndiyo sababu hujawahi kunywa chai yangu," alisema.

"Ningefukuzwa kazi, mama."

"Mimi nimeshazeeka, mwanangu, mimi niache. Yule binti wa nyumba ya pili ana miaka minne, hajatamka hata neno moja. Mama yake alitaka kwenda kuteka bombani, akiwa na mimba yake. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia usijichoshe, mwanangu yuko pale. Nikamwonyesha koti."

Akasimama kwa kushika meza, akajifunga mtandio, akafungua mlango. Mwana naye alisimama, akaanza kufungua vifungo vya lile koti alivue.

"Usivue," mama alisema. "Twende hivyohivyo. Utamwambia wewe."