Ua la Dira Kwenye Shamba la Kogo Taprandich

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ya baridi ile ya kwetu juu ya mji wa Litein inayogandisha salamu mdomoni. Nilikuwa kijana, nimemaliza masomo ya jioni juzi tu, na nilijua kuchora ramani kwa kompyuta mpaka nikaona naweza kulielekeza jua likienda kulala.

Kituo chetu cha kukusanyia majani ya chai kilikuwa na shida. Lori la kiwanda lilipata madereva wageni, nao walipotea kila mara kwenye njia panda. Chai tuliyochuma alfajiri ililala kwenye magunia, ikapata joto, ikawa nyekundu, ikakataliwa. Nikawachorea ramani safi, isiyo na pambo. Dereva mmoja aliikalia bila kuitazama.

Basi nikaipamba kama ramani za mabaharia wa kale, maana kizuri chajiuza. Niliweka ua la dira, ile nyota yenye ncha nyingi ya kuonyesha kaskazini, kubwa kama sinia ya harusi. Kutoka kila ncha nikavuta mstari mwembamba uliovuka karatasi nzima, kama walivyofanya wazee wa bahari. Pembeni nikachora vichwa vya upepo vimefura mashavu. Nikaibandika kituoni, nikangoja kubebwa juu juu.

Kogo Taprandich, nyanya yetu sisi sote, akaweka kidole kwenye mstari.

"Huu unaenda wapi?"

"Ni pambo tu, Kogo."

"Pambo limepita kwa ng'ombe wangu?"

"Kwangu limepita jikoni," akasema jirani yake. "Nitapikia wapi?"

Unajua, mwanangu, kwetu mstari ulionyooka kwenye ramani ni mpaka mpya, ama barabara, ama nguzo za stima. Haujawahi kuwa pambo. Mwenyekiti wa kituo akashika ukingo wa karatasi aing'oe, na hapo nikaona magunia yetu yakioza mwaka mzima.

"Wacha kwanza," Kogo akamwambia. Kisha akanigeukia. "Weri, kijana wangu, umenivisha shanga, nashukuru. Lakini shanga huvaliwa shingoni, si machoni."

Sikubishana. Nikarudi kwa kompyuta, nikaihamisha ile mistari yote pembezoni, iizunguke ramani kama fremu. Ua nikalisogeza kwenye kona tupu. Katikati nikabakisha mstari mmoja mnene, njia ya lori. Kogo akaitazama, akaguna. "Nasikia baharini wanachora majoka. Hapa chora ng'ombe wangu." Nikamchora, na pembe zake.

Siku iliyofuata dereva aliipachika mbele yake kama picha ya mchumba. Lori likafika umande haujakauka. Chai ikapimwa ikiwa mbichi, hakuna gunia lililorudishwa, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka watu wa Kapkatet wakauliza nani anaoa. Nasikia hata kule mbali Merigi walifungua madirisha.

Kwa hivyo, mwanangu, usione haya kuirembesha kazi yako, kwa sababu kazi isiyotazamwa haimfikishi mtu popote. Ila kabla hujavuta mstari, ujue unapita kwa nani, na mwenyewe auone kwanza. Akikukemea, tulia umsikize hadi mwisho. Mara nyingi anataka hiyo kazi yako ifaulu kuliko wewe.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio pana, na kila utakachochora, watu wakione waseme: hapa ni kwetu.