Visu vya Mnadani, kwa Kupapasa

Nimerudi Babati na stashahada yangu, na nyumba yetu ya hapa Nangara nimeijenga mwenyewe bila msaada wa mtu. Jana dukani nilichagua kisu cha kukunja kizuri kuliko vyote, nikakinusa: mafuta ya mashine, chuma, na mpini wa pembe.

Harufu hiyo ilinirudisha mnadani, nikiwa binti mdogo mbele ya turubai la muuza visu. Baba alinifumba macho kwa kiganja kilichonuka ng'ombe, akaviweka visu chini kimoja kimoja ili nipapase. Kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono; kinawekwa chini, nawe unakiokota.

"Ncha imeinuka juu," nilisema. "Cha kuchunia ngozi."

"Na hiki?"

"Mgongo umeinama hadi kwenye makali, ncha hakina. Cha kupunguzia kwato."

"Mzee, huyu utamwoza kwa nani?" muuzaji alitania. "Mume ataogopa kulala."

"Na alale macho wazi," baba alijibu, na kile kiganja kikatetemeka kwa kicheko usoni pangu.

Leo asubuhi nimekiweka kisu kipya sakafuni, mbele ya kiti cha baba.

"Shikamoo, baba. Kipapase, uniambie ni cha kazi gani."

Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Umeangusha kisu chako, mama," alisema kwa upole, kama anavyosema na wageni. "Subiri binti yangu arudi. Yeye anavijua vyote."