Baba alisema "pole" katikati ya usaili

Leo huenda nimemharibia Baba usaili. Sijui. Nisaidieni.

Baba ana miaka hamsini na mbili. Tanga alikuwa daktari. Hapa Ilford, ughaibuni, anahudumia wazee majumbani, huku akiomba nafasi ya mafunzo ya udaktari bingwa. Leo amesailiwa kwa video, na ameapa haombi tena baada ya hii.

Wiki nzima mimi ndiye niliyemfundisha. (Mimi, ninayeogopa hata kumwomba dereva wa basi afungue mlango.)

"Baba, usiseme 'sori' kila mara. Watadhani kosa ni lako."

"Sawa, mwalimu."

Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza. Msaili mmoja aliigiza mama aliyefiwa na mtoto wodini. Alilia kwelikweli.

Baba akaanza, "So...", akajizuia. Nikajua anatafuta neno, na lile alilokuwa nalo nimeshamkataza.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

Kwa Kiswahili!

Yule mama akaacha kulia. Akauliza neno hilo maana yake nini.

Baba akamjibu kwa Kiingereza, taratibu: "Ni kumwambia mtu kwamba uchungu wake nimeuona, hata kama sikuusababisha mimi."



Kisha wakamshukuru, muda umekwisha, majibu baada ya wiki mbili.

Baba akatoka chumbani, shati limelowa mgongoni. "Haya, mwalimu. Kwa Kiingereza ningesema nini?"

Nimefungua kamusi tatu. Zote zinanirudisha kwenye 'sori'.

Ninyi mngesema nini?