Mpira Uliogusa Majani Mawili

Ipo Jumamosi moja ya mji wa Manassas, huku Marekani, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku niliyopata makaratasi ya kuishi nchi hii. Nilikuwa kijana hodari wa kupatana bei, siamini kitu mpaka nihesabu mara mbili, na nilichezea timu ya kriketi ya Waafrika wa Springfield. Misimu minne mfululizo tulikuwa wa mwisho kwenye ligi. Nilihesabu tena, ilikuwa minne kweli.

Mwandishi wa matokeo yetu alikuwa Mzee Emrys, Mwelisi aliyewahi kufundisha shule Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wetu wa huku. Kila tulipofungwa alitusimulia habari za klabu ya kaunti ya kwao, klabu pekee ya Welisi kati ya kaunti za Waingereza. Walipoingia ligi kubwa walichapwa mpaka wakazoea kuchekwa. Baadaye ikaja timu iliyosimama karibu na mpigaji, karibu kiasi cha kunusa jasho lake, ikadaka kila mpira kabla haujagusa chini, na mpigaji akidakwa hivyo hutolewa. Hivyo ndivyo nchi ya wachimba makaa ilivyotwaa ubingwa. Nami nikatamani kuwa mdakaji wa namna hiyo. Tamaa nzuri, ila hata tamaa nzuri ina mlango wa nyuma.

Siku hiyo tulicheza na timu ya Adelphi. Tukishinda, tunatoka mkiani. Alibaki mpigaji wao wa mwisho, Barasa, Mkenya wa Bungoma aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Akitolewa, tumeshinda, akipata mikimbio mitatu, yaani alama tatu, tumefungwa. Akaupiga mpira chini chini, ukaja kwangu. Nikajirusha, nikaufumbata. Desturi ya Jumamosi zile, mpigaji akiwa na shaka humuuliza mdakaji, na neno la mdakaji humaliza maneno.

"Umedaka, ndugu?"

"Nimedaka."

Akatia gongo lake kwapani, akaenda zake. Wenzangu wakanibeba juu juu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa umebebwa huioni.

Wakanishusha mbele ya meza ya Mzee Emrys. Kalamu yake ilikuwa bado hewani. Akaniambia kuwa kwao kila mpira uliodakwa umeandikwa kwa wino pamoja na jina la aliyeudaka, na watu wameishi wakijivunia majina hayo. Kisha akauliza, "Mhina, niandike jina lako?"

Nikajaribu kupatana. "Mzee, uligusa jani moja tu."

"Hesabu tena."

Nikahesabu. "Mawili."

"Basi kamwite mwenzio, kabla hajavua viatu."

Nilimkuta maegeshoni, kiatu kimoja kimeshatoka. Nikamweleza yote. Mwamuzi naye akakubali, Barasa akarudi, na mpira wa kwanza aliorushiwa akaupeleka mpaka kwenye uzio, mikimbio minne kwa pigo moja. Msimu wa tano mkiani.

Kasongo, mrushaji wetu Mkongo, aliapa hataniongelesha maisha yake yote. Akavumilia mpaka nyama choma ya baada ya mchezo ilipoiva. Watu wa Adelphi walikataa tule mbali mbali, na Barasa akanikatia mbavu kwa mkono wake. "Aki wewe, umeniita nirudi nikuchape," akasema. "Sijaona mjinga mwaminifu hivi." Tulicheka hadi Kasongo akasahau kiapo chake.

Mwaka uliofuata nikapeleka posa kwa dada yake Barasa. Wajomba walipouliza kama neno la huyu kijana wa Tanga linashikika, Barasa hakurefusha mambo. "Huyu akisema amedaka, amedaka." Dada huyo ndiye aliyenipikia uji asubuhi ya leo.

Basi mwanangu, shika hili. Watu watasahau ulikuwa wa ngapi kwenye ligi, lakini hawasahau kama neno lako linahitaji shahidi. Kukosea utakosea, mimi nani nikukataze? Ila usipatane na uongo wako. Mwendee uliyemdhulumu mapema, hata kama kumrudishia haki yake kutakufunga. Muungwana ni kitendo.

Mungu akupe mikono isiyoponyokwa na riziki, ulimi usiohitaji kiapo, na watu wa kula nao hata siku uliyofungwa. Amina.